Orodha ya pahala nilipofika katika miji tofauti: nitaipangaje iwe moja na isipotee?

Mkaazi wa Vuga

Assalaam alaykum wanajamvi. Nataka kuziweka pamoja kumbukumbu za pahala nilipofika safarini: Unguja na Pemba, Dar es Salaam, Mombasa, Muscat, Istanbul na Guangzhou. Humo mna misikiti, masoko, magofu, makumbusho, mikahawa na mafundi. Kwa sasa zimetapakaa: pini kwenye Google Maps, picha kwenye simu, kadi za maduka na daftari.

Nianze na programu gani, au nianze na jedwali? Kila pahala paandikwe nini hasa, ili mtu mwengine wa nyumbani akipewa orodha aweze kufika bila kuniuliza? Na nifanyeje pini za Mji Mkongwe zisiangukie kichochoro cha pili? Simu ni Android, kompyuta ipo, ila intaneti si ya kutegemea, kwa hiyo nahitaji kitu kitakachofunguka hata bando likiisha. Ahsanteni.

---

Ramani Kiponda

Waalaykum salaam. Anza na jedwali. Programu za safari huja na kuondoka. Foursquare City Guide, ambayo watu walikuwa wameijaza orodha za miaka, ilifungwa Disemba 2024. Mwaka huo huo Google nao waliamua Timeline, ile kumbukumbu ya pahala ulipopita, ibaki ndani ya simu, isitazamwe tena kwenye kompyuta. Jedwali lililohifadhiwa kama CSV ni maandishi matupu, linafunguka kwa Excel, kwa LibreOffice, hata kwa programu ya kuandikia ya kawaida kabisa. Kwa hiyo jedwali ndilo asili, na ramani ni nakala yake ya kutazamia. Ukibadilisha kitu, badilisha kwenye jedwali kwanza.

Mstari mmoja, pahala pamoja. Safu ninazozishauri ni hizi: namba, jina, mji, mtaa, latitudo, longitudo, aina, namna ya kufika, saa za kufungua, siku ya kufungwa, hali, tarehe ya kuthibitisha, chanzo cha nukta (nukta ni hizo latitudo na longitudo). Nyengine ongeza ukitaka, lakini hizi usizipunguze. Nazieleza zile ambazo watu huziandika vibaya.

Namba: tumia herufi tatu za kiwanja cha ndege cha mji, halafu tarakimu. ZNZ-001 ni Unguja, PMA ni Pemba, DAR, MBA, MCT ni Muscat, IST, CAN ni Guangzhou. Namba haibadiliki hata jina likibadilika, na picha zote za pahala hapo zitabeba namba hiyo hiyo.

Jina: andika mawili, lililoko kwenye kibao na lile watu wa pale wanalolitamka. Hapa kwetu ramani inasema Barabara ya Benjamin Mkapa, mzee ukimuuliza njia atakwambia Creek Road. Mgeni mwenye jina moja tu atapita Darajani asijue kama amefika. Jina la Kiarabu au la Kichina liandike kwa herufi zake pia, kwa sababu dereva wa teksi atalisoma hilo.

Namna ya kufika: hapa ndipo orodha nyingi zinapoharibika. "Karibu na msikiti" Mji Mkongwe hakumsaidii mtu, misikiti imejaa kila mtaa. Andika kwa mpango huu: pa kuanzia panapojulikana na kila mtu, upande wa kugeukia, alama ya kati, na alama ya mwisho inayoonekana ukiwa umesimama. Mfano: "Kutoka Soko la Darajani, upande wa Mji Mkongwe, ingia njia ya Mkunazini, fuata mnara wa kanisa." Tumia alama zisizohama: mnara, baraza ya mawe, mlango wa kuchonga, kona yenye jina kama Jaws Corner. Rangi ya ukuta, gari la matunda na bango la simu usivitumie, mwakani havipo. Pakiwa na kibao cha anwani za makazi, vile vilivyowekwa kuelekea Sensa ya Agosti 2022, nakili jina la njia na namba ya nyumba kama ilivyo. Ukipita Dubai, mlangoni kuna namba ya Makani yenye tarakimu 10, nayo inatosha peke yake kukufikisha.

Hali na tarehe: sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Soko kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021. Hagia Sophia ya Istanbul ilikuwa jumba la makumbusho mpaka 2020, na tangu Julai mwaka huo inasaliwa, kwa hiyo utaratibu wa kuingia si ule wa zamani. Orodha isiyo na tarehe ya kuthibitisha itamwambia mtu aende makumbusho wakati pamezungushwa uzio. Andika mwaka-mwezi-siku, 2025-03-14. Tarehe ya namna hii ikipangwa inajipanga yenyewe, na haina ugomvi wa 03/04 kuwa Machi au Aprili.

Saa: andika kwa mtindo wa saa 24. Ukiandika "saa 3" kwa Kiswahili halafu ukampa orodha mtu wa Muscat, atakuja saa tisa mchana. Vilevile usiandike "usiku wa Ijumaa", maana kwetu wengine wanakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa na wengine usiku wa Ijumaa yenyewe. Siku za kufungwa nazo hazifanani: Kapalı Çarşı, soko kuu la zamani la Istanbul, hufungwa Jumapili, Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, Dubai tangu Januari 2022 ofisi za serikali hupumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa hufanya kazi nusu siku. Mwezi wa Ramadhani weka safu yake mbali, saa za mwezi ule ni za peke yake na kila mwaka unarudi nyuma kiasi cha siku 11.

---

Fundi wa Pini

Naongezea suala la vichochoro, ambalo hapo juu halijaguswa.

Simu ya kawaida ikiwa uwanjani, mbingu wazi, hukosea mita 5 hivi. Ukiingia Sokomuhogo au Baghani, kuta ndefu za mawe zinaificha mbingu, na mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta mmoja kabla ya kukufikia. Simu inadhani njia ya wimbi ni ndefu kuliko ilivyo, na nukta inaruka mita 20, 30 au zaidi. Kichochoro cha pili kiko ndani ya masafa hayo. Kubadilisha programu hakusaidii kitu.

Fanya hivi. Usichukue nukta mlangoni. Toka mpaka kwenye kiwanja au kona iliyo wazi, simama dakika moja simu ikiwa mkononi si mfukoni, tazama duara la buluu lisinyae, ndipo uhifadhi. Kisha ukifika nyumbani fungua picha ya setilaiti, tafuta paa lenyewe, na uiweke nukta kwa mkono. Kwa Zanzibar kazi hii ni rahisi kuliko miji mingi: mradi wa kupiga picha visiwa kwa droni, ulioanza 2016, ulitoa picha za wazi, na majengo mengi yakachorwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wenyewe. Kwa hiyo Organic Maps au OsmAnd, ambazo zinatumia ramani hiyo, zinakuonyesha umbo la jengo hata bila intaneti.

Kwenye safu ya chanzo andika "simu", "setilaiti" au "link ya mtu". Baada ya mwaka utajua nukta ipi ya kuiamini.

Desimali za latitudo na longitudo, yaani nukta inaweza kukosea kiasi gani: mbili ni kilomita 1.1, tatu ni mita 110, nne ni mita 11, tano ni mita 1.1. Andika tano.

---

Binti Chake

Kwa hapa Pemba nukta moja haitoshi. Pahala pengi gari haifiki. Weka nukta mbili kwa kila pahala pa namna hiyo: gari linapokomea, na pahala penyewe. PMA-004a na PMA-004b. Pujini, Ras Mkumbuu, ndani ya msitu wa Ngezi, kote huko mtu akiifuata nukta ya pahala penyewe, simu itamchorea mstari ulionyooka katikati ya mikoko au shamba la mtu. Katika namna ya kufika andika masafa ya kutembea kwa dakika, na kama kuna mlinzi au ofisi ya kupitia kwanza.

Na safu ya maji! Hakuna aliyeitaja na kwa visiwa vyetu ndiyo inayoamua kama utafika. Andika panafikika kwa miguu maji yakipwa, au kwa chombo tu, au wakati wowote. Kule Pingwe, upande wa Michamvi, kuna mkahawa juu ya jabali: maji yakitoka unatembea, yakijaa unavushwa kwa mashua. Wakati wa bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hutoka mbali sana na kurudi kwa nguvu, tofauti ya kupwa na kujaa inafika kama mita 4. Maji mafu hayatoki hivyo, na mwamba uliotembelewa wakati wa bamvua unaweza kuwa bado umezama. Kwa hiyo usiandike "saa 4 asubuhi panafikika". Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50, saa hiyo kesho si kweli tena. Andika "panafikika saa 2 kabla ya kupwa kabisa mpaka saa 1 baadaye, wakati wa bamvua".

---

Maalim Daftari

Karatasi msiidharau. Simu ikizima, daftari linafunguka. Weka kurasa mbili kwa kila mji: ukurasa wa kushoto mchoro wa mkono wa mtaa wenyewe, wa kulia orodha yenye namba zile zile za jedwali. Wino wa kalamu ya kawaida unastahamili unyevu wa kwetu kuliko wa jeli, ambao ukilowa jasho unaenea. Kadi ya duka ibandike kwa gundi ya fimbo kwenye ukingo mmoja tu, upande wa nyuma unaweza kuwa na ramani. Risiti zile za karatasi ya joto zipige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu maandishi yake hufifia.

---

Mkaazi wa Vuga

Nashukuru sana. Nimezitoa orodha zangu Google kwa kutumia Takeout, huduma yao ya kupakua taarifa zako. Faili la CSV lina majina, maelezo na viungo tu, latitudo hamna. Halafu zile nilizoziandika kwa mkono nikaziingiza kwenye ramani, na pini za Unguja zimekwenda Hispania, nyengine Ethiopia. Nini hicho?

---

Fundi wa Pini

Hayo ni makosa yanayojulikana, na kila moja lina alama yake.

Pini iliyokwenda Hispania: umezigeuza namba. Mji Mkongwe ni latitudo -6.16, longitudo 39.19. Ukizibadilisha nafasi unapata 39.19, -6.16, na hiyo iko magharibi ya Hispania, upande wa Cáceres. Sababu kubwa ni kwamba Google Maps inaandika latitudo kwanza, lakini ndani ya faili la KML na GeoJSON, aina za mafaili ya kuhifadhia nukta za ramani, inatangulia longitudo. Anayenakili kutoka faili hadi jedwali anageuza bila kujua.

Pini iliyokwenda kusini ya Ethiopia: alama ya kutoa imeanguka. Unguja, Pemba, Dar es Salaam na Mombasa zote ziko kusini ya ikweta, latitudo yake ni hasi. Muscat, Istanbul na Guangzhou ziko kaskazini, hazina alama. Longitudo ya miji yako yote saba ni chanya. Kwa hiyo ukaguzi ni wepesi: panga jedwali kwa safu ya longitudo, yoyote yenye alama ya kutoa ni kosa, halafu chuja ZNZ, PMA, DAR na MBA, latitudo isiyo na alama ya kutoa ni kosa.

Lipo la tatu, baya zaidi kwa sababu halikurushi mbali. Vitabu na vibao vya zamani vinatumia digrii, dakika na sekunde. 6°09′45″ kusini si -6.0945. Dakika unagawa kwa 60, sekunde unagawa kwa 3600: 6 + 0.15 + 0.0125, yaani -6.1625. Na 39°11′30″ ni 39.19167. Ukiziandika kama zilivyo, nukta inasogea kilomita 7.5 kaskazini na karibu 9 magharibi, inaingia baharini. Pini ikiwa kwenye maji mbele ya mji, shuku hilo kwanza.

Viungo vya Takeout: fungua kimoja kimoja kwenye kompyuta, subiri ramani itulie, tazama anwani juu. Utaona namba mbili baada ya alama ya @. Usizichukue hizo, ni katikati ya kioo chako tu, ukisogeza ramani zinabadilika. Endelea mbele katika anwani hiyo hiyo mpaka uone !3d ikifuatiwa na namba, na !4d ikifuatiwa na nyengine. Baada ya !3d ni latitudo ya pahala penyewe, baada ya !4d ni longitudo. Zile ulizozitia nyota, Takeout inazitoa katika faili la JSON pamoja na nukta zake, hizo huna haja ya kuzifungua moja moja, ila kumbuka longitudo imetangulia.

Excel nayo ina mambo yake. Namba ya simu 0777 inaliwa sifuri, na +255 inaliwa alama ya kujumlisha. Chagua safu nzima, iwekee muundo wa maandishi kabla ya kuandika chochote. Ukihifadhi, chagua CSV yenye UTF-8, la sivyo majina ya Kiarabu, ya Kichina na zile herufi za Kituruki zitageuka alama za kuuliza.

Ukishamaliza kuunganisha vyanzo vyote, panga kwa latitudo na utazame mistari inayofuatana. Tofauti ikiwa chini ya 0.0002 kwenye latitudo na longitudo zote mbili, hizo ziko ndani ya mita 22 hivi kwa kila mwelekeo. Mara nyingi ni pahala pamoja palipoandikwa mara mbili, pini moja na kadi moja.

---

Mzigo wa Xiaobei

Guangzhou isikilizeni peke yake, kanuni za juu hazitoshi.

Uchina ramani za umma hutumia vipimo vyao vinavyoitwa GCJ-02, vilivyosogezwa makusudi kutoka vipimo vya GPS. Tofauti ni mita 100 hadi 700, na haiko sawa kila pahala, kwa hiyo huwezi kutoa namba moja ukamaliza. Baidu, wenye ramani kubwa ya huko huko, wameongeza msogeo wao juu ya huo. Ndiyo maana kwenye Google Maps ukiwa Guangzhou picha ya setilaiti na mistari ya barabara havikutani: setilaiti iko kwenye GPS, mistari iko kwenye GCJ-02. Hong Kong na Macau hazina tatizo hili.

Nukta ya Guangzhou ichukue kwenye OpenStreetMap au juu ya picha ya setilaiti, usichukue kwenye mstari wa barabara. Ukiitoa Amap, ramani nyengine ya Kichina, au Baidu, iandike kwenye safu ya chanzo na usiichanganye na nyengine mpaka uigeuze kwa programu ya kugeuza vipimo.

Zaidi ya hapo, kwa masoko ya kule nukta peke yake haikufikishi dukani. Jengo moja lina ghorofa nyingi na vibanda mamia, na GPS haijui ghorofa. Andika jina la jengo kwa herufi za Kichina, ghorofa, namba ya kibanda, kituo cha metro na herufi ya mlango wa kutokea. Kituo cha Xiaobei kiko laini ya 5. Msikiti wa Huaisheng, 怀圣寺, uko njia ya Guangta, shuka Ximenkou laini ya 1. Ukitoka mlango usio wenyewe wa metro unaweza kujikuta ng'ambo ya barabara kubwa isiyovukika, kwa hiyo herufi ile ina thamani kuliko desimali ya tano.

---

Ramani Kiponda

Hilo la herufi ya mlango ni la kweli hata Istanbul. Lakini desimali tano zibaki, zisipunguzwe, hasa zilizowekwa kwa mkono juu ya setilaiti. Mita 11 Mji Mkongwe ni nyumba nyengine kabisa.

Picha: kamera ikiwashiwa ruhusa ya mahali, kila picha inabeba latitudo na longitudo ndani yake. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hizo zinafutwa. Itume kama hati, au ihamishe kwa waya. Picha ya ndani ya jengo usiiamini nukta yake, simu hutumia ya mwisho iliyoipata nje. Zipe majina yenye namba: IST-007_2025-03-14_1.jpg. Tatu zinatosha kwa kila pahala: njia inapoanzia, mlango, na kibao.

Na naomba hili lizingatiwe. Orodha yako ikiwa na mama anayeuza chakula uani kwake au fundi anayefanyia kazi nyumbani, usiitie nukta ya nyumba yake kwenye ramani ya kugawiwa watu. Weka safu moja ya "wazi" au "siri", na ukitoa nakala ya kumpa mtu, chuja "siri" ziondoke.

---

Fundi wa Pini

Sasa ramani ya simu. Kwenye kompyuta ingia Google My Maps, tengeneza ramani mpya, bonyeza kuingiza, chagua CSV. Itakuuliza safu za nafasi: chagua latitudo na longitudo, usichague anwani, ukichagua anwani itakisia yenyewe na vichochoro vyetu haivijui. Kisha safu ya kichwa, chagua namba au jina. Kikomo ni matabaka 10 kwa ramani na mistari 2,000 kwa tabaka. Kwa miji saba weka tabaka moja kwa mji. Ikizidi kumi, unganisha kwa nchi. Ukibadilisha jedwali, ramani haijui. Futa tabaka la mji huo uliingize upya.

Toa KML, si kiungo cha ramani. Programu ya My Maps ya Android iliondolewa 2021, kwa hiyo usiitafute. Hamishia KML kwenye simu, ifungue kwa Organic Maps, nukta zote zitaingia kama orodha ya alama. Ramani za nchi zenyewe zipakue kabla, ukiwa kwenye waifai: Tanzania, Kenya, Oman, Uturuki na eneo la Guangdong.

Nakala ziwe tatu: kompyuta, flashi inayokaa nyumba nyengine, na barua pepe uliyojitumia mwenyewe. Nyaraka ni mbili tu, CSV na KML. Picha ziko folda moja kwa mji.

Kabla ya kusafiri fanya jaribio. Weka simu kwenye hali ya ndege, fungua Organic Maps, tafuta nukta moja ya kila mji, ikuze mpaka uone majengo, gusa alama usome maelezo. Mji ambao majengo hayaonekani, ramani yake haijapakuliwa yote. Maelezo yakitoka matupu, safu ya "namna ya kufika" haikuingia wakati wa kutoa KML. Rudi My Maps, gusa nukta moja uone kama safu ipo, na kama haipo ingiza CSV tena.